Wewe unaandika magunia, yeye anaandika saa

Mzee Taimukipa, shikamoo.

Mimi ni mfanyabiashara wa Igurusi, wilaya ya Mbarali, hapahapa Mbeya. Nina mashine ya kukoboa mpunga aliyoianzisha marehemu mume wangu. Mwaka wa tano huu naiendesha mwenyewe. Wafanyakazi wangu wa mwezi ni sita: opereta, msaidizi wake, mabinti wawili wa kupima na kushona magunia, mlinzi, na mpwa wangu ambaye ndiye meneja. Makuli nawalipa kwa gunia, siku kwa siku.

Opereta namlipa 300,000. Anaingia saa 1 asubuhi, anatoka saa 10 jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi, na saa nzima ya chakula nampa. Hiyo ni kazi ya saa 8 kwa siku. Niliambiwa sheria inaruhusu hadi saa 9, basi upande huo nilikuwa sina wasiwasi kabisa.

Msimu ulipochanganya ndipo mambo yalipoharibika. Unaijua mwenyewe Julai na Agosti ya huku kwetu: mpunga umejaa uwanjani, wateja wa Dar na Tunduma wanalala kwenye malori, na umeme nao unachagua siku hizohizo kukatika. Siku nyingine unaondoka saa 4 asubuhi, unarudi saa 9 alasiri. Vijana wanalala juu ya magunia wakisubiri. Ukirudi nawaomba tusukume, tunakoboa mpaka saa 4 usiku. Katika wiki nne tulifanya hivyo mara saba. Kila usiku nilimpa opereta 5,000 ya soda, na mwisho nikamfungia kilo kumi za mchele, supa safi, si chenga. Nane Nane tulifungua kama siku ya kawaida, na Jumapili moja alikuja asubuhi akamalizia mzigo wa mteja hadi saa 7 mchana, kazi ya saa kama tano hivi.

Wiki iliyopita kaingia ofisini na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha jalada la nyuma, limejaa vumbi la pumba. Ameandika kila siku: tarehe, kuingia, kutoka. Chini kabisa amepiga mistari miwili: 137,500. Amegawa mshahara kwa siku 30, akagawa tena kwa saa 8, akapata 1,250. Akazidisha mara mbili, kisha mara saa 55. Nilichukia, Mzee. Huyu kijana alipofiwa na baba yake Kyela, nauli nilitoa mimi. Nikamwambia aniache nilisome, nikalifungia kwenye droo, na mpaka leo limo humo. Mpwa wangu anasema tumwondoe kabla hajawaambukiza wengine.

Naomba unijibu. Zile saa walizolala umeme umekatika, si zinafidia za usiku? Soda na mchele havihesabiki? Na wengine nao wana madai, akiwemo binti mmoja mwenye mimba ya miezi saba aliyekuwa akibaki nasi usiku? Nipe hesabu, Mzee, nasaha nimeshapewa za kutosha kanisani.

Mama Mashine, Igurusi

*

Marahaba, Mama Mashine, na pole kwa msimu. Hesabu nitakupa, ila nianze na habari itakayokukera zaidi ya ile uliyoniandikia: kijana wako amekuomba pungufu.

Mmepotea wote wawili, na mmepotelea siku ya Jumamosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 19, imeweka mipaka mitatu kwa saa za kawaida, na yote inafanya kazi kwa pamoja: siku 6 kwa wiki, saa 9 kwa siku, na saa 45 kwa wiki. Karibu kila mwajiri ninayekutana naye, kuanzia Makambako mpaka Tunduma, ameshika huo mpaka wa saa 9 akaishia hapo. Saa 8 mara siku 6 ni 48. Kwa hiyo kila wiki ya kawaida, hata umeme usipokatika, opereta wako ana saa 3 za ovataimu ambazo hakuna aliyeziona. Yeye mwenyewe hakuziona.

Sasa thamani ya saa moja. Kugawa kwa siku 30 kisha kwa 8 ni hesabu ya mtaani. Jedwali la sheria linasema mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki, hiyo 4.333 ni wiki 52 zilizogawanywa kwa miezi 12. Kwako ni 4.333 mara 45, karibu kabisa na 195. Gawa 300,000 kwa 195, saa yake inakuwa 1,539 kwa makadirio. Ovataimu ni mara moja na nusu: 2,308. Siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu ya kitaifa ni mara mbili: 3,077. Msingi wa yote haya ni mshahara wa msingi peke yake, posho haziingii.

Usiku una chake. Kisheria usiku unaanza saa 2 na kuisha saa 12 asubuhi, na kila saa ya humo inaongezewa asilimia 5. Kama saa hiyo tayari ni ovataimu, asilimia 5 inapigwa juu ya kiwango cha ovataimu, yaani 115 na ushee. Ni fedha ndogo, lakini iandike. Wengi hawaijui.

Twende kwenye hizo wiki nne. Usiku saba, kila mmoja kuanzia saa 10 jioni hadi saa 4, ni saa 42. Zile saa 3 za Jumamosi, kwa wiki tatu, ni 9. Wiki ya Nane Nane nimeitenga, kwa sababu ukiitoa sikukuu zinabaki siku tano za saa 8, na 40 haivuki mpaka. Jumla ni saa 51 za ovataimu, sawa na 117,701. Kati ya hizo, 14 zilikuwa baada ya saa 2 usiku: ongeza 1,616. Jumapili, saa 5 kwa mara mbili: 15,386. Nane Nane, saa 8 kwa mara mbili: 24,617. Jumla kuu ni 159,320. Daftari la kijana linasema 137,500.

Kwenye Nane Nane utasikia waajiri wakidai kwamba mshahara wa mwezi umeshalipa sehemu moja, hivyo wanabakiza moja tu. Mimi nakushauri ulipe mbili kamili. Sheria inasema mara mbili kwa kila saa iliyofanyiwa kazi siku hiyo, na tofauti yenyewe ni kama 12,300. Mtu hapandi basi kwenda kubishana mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi, kwa 12,300. Isitoshe siku hiyo Mbeya nzima ilikuwa kwenye maonyesho, viwanja vya John Mwakangale, na watoto wao, yeye alikuwa anakusafishia chekeche.

Soda. Elfu tano mara usiku saba ni 35,000, kwa saa 42. Gawanya: 833 kwa saa. Ulimlipa saa ya usiku kwa bei ya chini kuliko saa yake ya mchana, na ukaona umemfadhili. Sikulaumu, wengi wanafanya hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Lakini fedha uliyoiita soda wakati unaitoa haiwezi kugeuka ovataimu siku ya kudaiwa, na mchele ndiyo kabisa. Ukitaka ile 35,000 ihesabiwe, kaa naye. Akikubali, aandike na asaini. Asipokubali, iache ibaki soda.

Na umeme? Hili ndilo swali lako zuri kuliko yote, nami nalijibu kwa kukuuliza: mpunga wa mteja ungeibiwa wakati vijana wamelala juu ya magunia, ungemkamata nani? Walikuwa pale kwa sababu uliwataka wawepo ili umeme ukirudi dakika hiyohiyo mashine iwake. Hata kwenye saa ya chakula, sheria inasema huilipii, isipokuwa umemtaka mtu afanye kazi au awepo tayari kwa kazi. Mtu anayekusubiria umeme yuko tayari kwa kazi. Kama ungewaambia saa 4 asubuhi, "nendeni nyumbani, leo kazi imeishia hapa," hapo tungekuwa na mazungumzo mengine.

Zaidi ya malipo kuna kosa ambalo hata ukilipa halifutiki. Siku zile saba opereta alikuwa kazini saa 14, na sheria imekomea 12 kwa siku, ovataimu ikiwemo. Alitoka saa 4 usiku akaingia saa 1 asubuhi: amepumzika saa 9, na zinatakiwa 12 mfululizo. Ovataimu kwa kila wiki nne haitakiwi kuvuka saa 50, nawe umefika 51. Halafu hayo yote yanadhania mlikuwa na makubaliano ya kufanya ovataimu. Mlikuwa nayo? "Nawaomba tusukume" si makubaliano, mama. Ni mwenye mashine anaomba saa 10 jioni mbele ya foleni ya malori, nani atakataa?

Niseme kidogo kwa nini naitwa Taimukipa. Ujanani nilitunza muda kwenye shamba la chai upande wa Rungwe. Msimamizi mmoja alikuwa ananiita jioni, ananiambia, "Wote andika wametoka saa 10." Nikaandika. Siku wafanyakazi walipodai, walikuja na vikaratasi vyao, vingine vimeandikwa kwa mkaa, sisi tukaja na rejista safi yenye mwandiko wangu, saa 10, saa 10, saa 10, miezi sita mfululizo, hata siku ambazo lori la majani liliharibika njiani na kila mtu alijua watu walirudi gizani. Usafi ule ndio uliotuumbua. Hakuna aliyeiamini.

Nakueleza hivyo kwa sababu nina hakika kwenye meza yako lipo daftari kubwa la magunia: nani kaleta, mangapi, pumba kachukua nani. La saa halipo. Wewe unaandika magunia, yeye anaandika saa, na mkigombana kuhusu saa, mwenye daftari la saa ni yeye. Sheria inakubebesha wewe mwajiri kutunza kumbukumbu za masharti ya kazi na malipo kwa miaka 5. Na ukishindwa kuonyesha mkataba au maelezo ya kazi ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unahamia mabegani kwako.

Kwa hiyo nunua kauntabuku. Safu zake: tarehe, jina, kuingia, kutoka chakula, kurudi, kutoka, sahihi. Iwe mlangoni, si ofisini kwako, na kila mtu aandike mwenyewe, kalamu ifungwe uzi maana zitaisha wiki ya kwanza. Umeme ukikatika andika umekatika saa ngapi na uliwaambia nini. Kabla ya msimu ujao, mwezi wa nne hivi, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili: tunakubaliana kufanya ovataimu inapobidi, si zaidi ya saa 50 kwa wiki nne, malipo ni kiasi hiki kwa saa, usiku hiki, Jumapili na sikukuu hiki. Weka tarakimu halisi, usiandike tu "kwa mujibu wa sheria". Kila mmoja asaini na abaki na nakala. Kwenye slipu ya mshahara ovataimu ikae mstari wake peke yake, saa ngapi kwa shilingi ngapi. Na ni kipato, kwa hiyo inaingia kwenye hesabu ya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, kama mshahara mwingine.

Sasa sikiliza kama mfanyabiashara. Saa ya opereta huyu ikiwa ni ovataimu ya usiku inakugharimu 2,423. Saa hiyohiyo ya usiku ikifanywa na opereta wa zamu ya pili, kwa mshahara uleule, ndani ya saa zake za kawaida, ni 1,616. Kama unajua miezi miwili kila mwaka itakuwa ya kukesha, ajiri opereta wa msimu, mkataba wa maandishi, aingie saa 9 alasiri. Umeme kwenu unarudi saa 9, umesema mwenyewe. Njia nyingine ni wiki iliyobanwa: kwa makubaliano ya maandishi mtu anaweza kukaa kazini hadi saa 12 kwa siku, chakula kikiwemo, bila ovataimu, ilimradi asizidishe siku 5 na saa 45 za kawaida kwa wiki. Siku nne za saa 11 ni 44. Kwa mashine ya mpunga, mimi ningechagua zamu.

Hukuniuliza kuhusu mlinzi, nami ndiye aliyeninyima usingizi. Ukisema "mlinzi" bila kusema walinzi, najua anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, kila siku ya Mungu. Hizo ni saa 84 kwa wiki. Toa 45, zinabaki 39, na kwa wiki nne ni 156 wakati mwisho ni 50. Hana siku ya mapumziko, na usiku mzima hajawahi kulipwa ile asilimia 5. Siku huyu akipata daftari, la opereta utaliona risiti ya soda. Tafuta wa pili wapokezane, mmoja usiku tatu wiki hii na nne wiki ijayo, kwa makubaliano hayohayo ya wiki iliyobanwa. Wiki ya usiku nne itafika saa 48, ulipe 3 za ziada.

Wengine nitawapitia haraka. Msaidizi na mabinti wana madai yaleyale, wapigie hesabu kwa mishahara yao. Binti mwenye mimba asifanye tena kazi baada ya saa 2 usiku: miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua sheria inakataza, na mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Makuli wa gunia, kama ni walewale kila siku, wahesabu kama waajiriwa. Wastani wao wa wiki unapatikana kwa kuangalia walichopata wiki 13 zilizopita. Mpwa wako, ikiwa kweli anasimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja juu, hana ovataimu. Ila cheo peke yake hakitoshi. Nimeshaona "mameneja" wengi ambao kazi yao ni kushona magunia.

Na huyo mpwa mwambie akae kimya. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu amedai haki yake ni uachishaji usio halali, na hapo 159,320 utaitamani. Kwa madai haya ya malipo anazo siku 60 tangu mgogoro ulipozuka kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ipo Mbeya mjini, na akichelewa bado anaweza kuomba apokelewe akiwa na sababu ya msingi. Usikae unahesabu siku.

Mwite Jumatatu asubuhi, kabla mashine haijawashwa. Mwonyeshe hesabu hii mstari kwa mstari, pamoja na zile saa 9 za Jumamosi ambazo hakuzidai. Kama huwezi kulipa yote kwa mkupuo, mkubaliane tarehe mbili na muandike. Na kabla hujaanza kuongea, fungua droo umrudishie daftari lake.

Mzee Taimukipa